Shamlani na Mbwa Aliyekula Hofu

Ulikuwako mji ukiitwa Darakhani, uliozungukwa na milima ya mawe mekundu na mashamba ya komamanga, na mtawala wake alikuwa Sultani Nuumani bin Sarhani, mwenye jeshi na hazina na majumba ya marumaru, lakini usingizi wake ulikuwa wa mang'amung'amu, kwa kuwa aliupata ufalme kwa kumwua ndugu yake, na mwenye kuingia nyumba kwa kuvunja mlango haachi kuutazama mlango maisha yake yote. Na katika mji huo alikuwako mwuza manukato jina lake Shamlani bin Hafidhi, mtu mwembamba wa umbo, mpole wa maneno, ambaye wazee wake walikufa kwa ndui naye angali mchanga, akalelewa na dada yake mkubwa, Bi Rahani, aliyekataa wachumba wazuri mpaka ndugu yake akue, na alipokuja kuolewa hakukaa na mumewe ila muda mfupi akafiwa.

Shamlani huyu alipendwa na watu, ila hakujua, kwa sababu mapenzi ya watu hayapigi kelele. Wanawake walimwamini katika udi na zafarani kwa kuwa hakuchanganya kizuri na kibaya, na wasafiri walimwachia mizigo yao dukani wakaenda miji ya mbali, na waliporudi waliikuta kama walivyoiacha. Yeye aliyaona hayo kuwa ni mambo ya kawaida, kama mtu aonavyo hewa.

Ikawa siku moja ya soko akapita Amiri Ghasani, mkuu wa farasi wa Sultani, akiwa juu ya farasi wake mweusi, na mbele yake watumishi wakivutwa na mbwa wawili wa milimani, wakubwa kama ndama, wenye mapovu mdomoni. Watu wakakimbilia kuta. Shamlani alikuwa amebeba chupa za marashi mikononi, hakuweza kukimbia, na mbwa mmoja akamrukia akamrarua kanzu, chupa zikavunjika, na Amiri akainama juu ya farasi wake akamwangusha kilemba topeni kwa mpini wa mjeledi, akasema, "Jiokote, mwuza maji ya waridi! Mbwa wangu hawaipendi harufu yako."

Na watu wakacheka. Wengine walicheka kwa kumwogopa Amiri, na wengine walicheka kwa sababu kicheko huambukiza kama miayo, na Amiri alipopita walimjia Shamlani, huyu akamwokotea kilemba, huyu akamkung'uta matope, huyu akamletea maji. Lakini Shamlani hakuiona mikono ile hata mmoja. Alikisikia kicheko tu, na alikwenda nacho nyumbani.

Bi Rahani akaifua ile kanzu pale ilipoguswa na mate ya mbwa, akaiosha mara saba, na mara moja katika hizo kwa udongo kama ilivyoamriwa, akaianika.

"Nguo imetakata, mdogo wangu," akasema. "Na wewe utoe moyoni."

"Nguo haikuchekwa, dada. Nilichekwa mimi."

"Waliocheka wamekwisha sahau. Saa hii wanakula wali wao."

"Mimi sikusahau," akasema Shamlani, na chakula hakukigusa.

Haukupita muda, ukafanyika mnada wa vitu vya mzee mmoja tajiri aliyekufa bila mrithi, na mlikuwamo mkufu wa shaba, mrefu na mzito, wenye maandishi yasiyosomeka, na hapana aliyethubutu kuunyanyua, kwani ilisemwa kuwa mwenyewe alikufa peke yake katika jumba la vyumba vingi na majirani hawakujua mpaka harufu ilipowaambia. Shamlani akautwaa. Hakuuhitaji kwa lolote, lakini aliona wenzake wote wamerudi nyuma, naye akapenda kuonekana, mara moja katika umri wake, kuwa ni mtu asiyerudi nyuma.

Akaupeleka nyumbani, akauketia uani baada ya sala ya alasiri, akausugua kwa ndimu na majivu. Na shaba ilipong'aa ukatoka moshi mzito wenye baridi, majani ya mkomamanga yakajikunja, na ndani ya moshi akasimama mbwa mweusi asiye na kivuli, macho yake kama makaa yaliyopulizwa, na mkufu ule umekwisha kuwa shingoni mwake, ncha yake moja ikiwa mkononi mwa Shamlani. Na mbwa akafumbua kinywa akasema kwa ufasaha:

"Labeka, ewe mwenye mkufu. Mimi ni Zamhariri, miongoni mwa majini wa jangwa la kaskazini, niliyefungwa katika shaba hii kwa dhambi niliyoitenda zamani, na kazi yangu ni kusimama langoni pa kila anayeimiliki. Sema haja yako."

Shamlani, meno yakigongana, akajibu, "Nataka watu waniheshimu."

Jini akainamisha kichwa. "Maulana, heshima sina. Heshima watu wenyewe wameishika vifuani mwao, huitoa kwa hiari yao au hawaitoi. Mimi nina hofu. Hofu naweza kukujazia mji huu mpaka ukafurika. Na zikitazamwa kwa mbali mbili hizi hufanana, kwani anayekuheshimu hukupisha njia, na anayekuogopa naye hukupisha njia."

"Basi itanitosha hiyo."

"Sikiliza sharti langu kabla hujasema itakutosha. Sili nyama wala mfupa. Chakula changu ni hofu ya wanadamu. Madhali ipo nje, nitashiba huko na nitakutii. Ikipungua nje nitaitafuta ndani. Na siku utakayochoka nami, nifungue mkufu huu kwa mkono wako mwenyewe. Hauna kufuli, hautaki uganga wala hirizi. Nami nitakwenda zangu na nitakushukuru. Wote walionimiliki niliwaambia maneno haya, na hakuna aliyefungua."

Shamlani hakuyatafakari maneno yale. Aliushika mkufu tu, akausikia uzito wake mkononi, na uzito ule ukampendeza.

Asubuhi yake akatoka naye. Kwanza akapita kwa Kadhi kuuliza hukumu ya kufuga mbwa, na Kadhi akamtazama mnyama yule, akapanda juu ya kiti, akasema kwa haraka, "Mbwa wa kulinda ana ruhusa, ana ruhusa, nenda kwa amani." Kisha akateremka sokoni, na soko likanyamaza kama limemwagiwa maji. Na kwa kadiri watu walivyoogopa Zamhariri alizidi kukua, mabega yake yakapanuka, mpaka walipofika uwanja wa Sultani alikuwa ametimia kimo cha punda.

Naye Amiri Ghasani alikuwa pale uwanjani, akiwapeleka mbwa wake mbele ya Sultani aliyeketi barazani kwake. Zamhariri hakubweka. Alitazama tu. Na wale mbwa wa milimani wakalala chali, wakajikojolea, na farasi mweusi akamtupa Amiri chini mavumbini. Shamlani akamsogelea, akasimama mpaka kivuli chake kikamfunika.

"Kiatu changu kina mavumbi, Amiri," akasema.

Na Amiri Ghasani, mbele ya hadhara yote, akakifuta kiatu kwa ncha ya kilemba chake.

Ewe msikilizaji, kuna asali ambayo mtu akiilamba mara moja ulimi wake hauonji tena kitu kingine. Shamlani alirudi nyumbani siku ile akitembea polepole katikati ya njia, na kila mlango aliopita uliinama, na akajiambia, Kumbe hivi ndivyo inavyokuwa kuwa mtu. Sultani naye hakukasirika kwa kudhalilishwa mkuu wa farasi wake. Alifurahi, kwani aliona mlinzi asiyeweza kununuliwa kwa dinari wala kulishwa sumu, akamwita Shamlani, akamvisha joho, akamfanya Mkuu wa Milango yote ya kasri, akampa nyumba ya ghorofa yenye bustani na chemchemi.

Na mambo ya watu huigwa. Amiri Ghasani alileta mbwa wengine kutoka milimani, wakali kuliko wa kwanza, kwa kuwa fedheha yake haikumpa raha. Wafanyabiashara wa hariri wakaona mlango usio na mbwa ni mlango wa mtu duni, wakafuga. Wakafuga waoka mikate, wakafuga wauza mafuta ya taa, na mwishowe hata mama muuza vitumbua alikuwa na jibwa moja lenye chongo limefungwa kwenye mguu wa meza yake. Ukiwauliza kwa nini, walisema, "Wezi." Na hapana aliyesema kwamba aliumwa na mbwa wa jirani ndipo akanunua wa kwake, au kwamba alichoka kutopishwa njiani. Watoto wakaacha kucheza vichochoroni. Salamu za kutwa zikafupishwa, kisha zikaachwa.

Bi Rahani peke yake hakumwogopa Zamhariri. Kila Ijumaa alikuja na mkate wa ufuta uliofunikwa kwa kawa, akampita mbwa pale langoni kama apitaye jiwe, akasema, "Nipishe, kiumbe wa Mungu," na jini akampisha, kwa kuwa hakupata kwake hata chembe ya kula.

"Mdogo wangu," akamwambia siku moja, "jana nimempita Mzee Khalfani, yule aliyekuwa akikuachia mizigo yake. Nimemwambia nakwenda kwako, akaniuliza, 'Huogopi?' Mtu aliyekuwa akikuita mwanangu! Hebu mfungue mnyama huyu aende. Amiri amekwisha kufuta kiatu. Unataka nini tena?"

"Nikimfungua leo, dada, kesho watanicheka."

"Wacha wacheke. Wakicheka watakuwa karibu."

Shamlani alijua kuwa dada yake amesema kweli, na neno la kweli likitoka kwa anayekupenda huuma mahali ambapo hakuna dawa. Akasema, "Baada ya Idi, inshallah." Na Idi ikaja ikapita, na mkufu ulikuwa mkononi mwake.

Wakati huo watu walikuwa wamekwisha kujifunza kukaa mbali. Waligeuza njia zao, wakafunga madirisha yanayoelekea kwake, na uwanja ulio mbele ya nyumba ukaota nyasi. Na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwogopa karibu, Zamhariri akaanza kukonda, mbavu zikamtoka, akaondoka langoni akaja kulala barazani, kisha sebuleni. Watumishi wakaanza kuanguka na homa, wakatoroka mmoja mmoja. Shamlani akaliona, akajifanya hakuliona.

Siku moja akawaalika wakuu wa kasri kwa karamu ya mchana, na walikuja kwa kuwa waliogopa kutokuja. Wakaketi juu ya mazulia, wakala kidogo, wakasifu sana. Zamhariri alikuwa amelala miguuni pa bwana wake, ncha ya mkufu ikiwa imezungushwa kiganjani mwa Shamlani, na kati ya wageni alikuwamo Amiri Ghasani, amekaa mkao wa mtu anayesubiri. Ndipo akaingia Bi Rahani na kawa yake, na alipowaona watu wale wamekaa na tonge mikononi hawathubutu kutafuna, huruma ikamshika na hasira ikamshika. Akasema mbele ya wote:

"Shamlani, waache watu hawa waende makwao. Hawakuja kukuona wewe, wamekuja kumwona mbwa. Nilikubeba mgongoni ukiwa na ndui, sikukulea uje uwe mshika kamba wa jini."

Na pale pale, kutoka pembeni, kikasikika kicheko kidogo, kimechomoka puani mwa Amiri Ghasani.

Kicheko kile kikamwingia Shamlani kama msumari wa moto. Hakutoa amri. Hakunyanyua sauti. Alifungua tu vidole vyake, kidogo, akaulegeza mkufu kwa kadiri ya pima moja, ili mbwa asogee, ili dada yake anyamaze, ili waliopo wauone uwezo wake. Na Bi Rahani akaviona vidole vile. Hakumtazama mbwa, alimtazama ndugu yake usoni, na akaelewa alichokifanya, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hofu ikaingia moyoni mwake. Hofu ile haikuwa ya mnyama.

Zamhariri alikuwa na njaa ya miezi. Aliruka.

Wageni wakakimbia kwa madirisha na milango, na Shamlani akauvuta mkufu kwa nguvu zake zote, akalia, akapiga mayowe, mpaka akamtenganisha mbwa na dada yake, lakini kazi ilikuwa imekwisha. Matabibu wakaitwa, wakafunga majeraha, wakatazamana. Bi Rahani alipolazwa kitandani, Shamlani akapiga magoti akamshika mkono, akasema, "Dada, jini ndiye. Ni yule jini."

Bi Rahani akajibu kwa sauti ndogo, "Yule nilimjua tokea siku ya kwanza. Ni wewe ambaye sikukujua." Na hakusema naye tena mpaka roho ilipotoka.

Mji mzima ukatoka kumzika, maana aliwalea watoto wengi zaidi ya mmoja. Shamlani alimwacha mbwa nyumbani, akaja peke yake kulishika jeneza, na kila aliposhika, walioshika karibu naye waliachia, mpaka jeneza likainama upande wake. Akaona, akaachia. Akalifuata kwa nyuma, na baina yake na watu palikuwa na nafasi ambayo hapana aliyeijaza.

Aliporudi alikuwa amekata shauri. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa Zamhariri, akaushika mkufu kwa mikono miwili. Na kabla hajaufungua wakabisha wajumbe wa Sultani, wakampeleka mbele ya kiti cha enzi, na Sultani Nuumani akamwambia:

"Tumesikia msiba wako, Shamlani, na Mungu akupe subira. Na tumesikia pia mbwa wako hakumwacha hata dada wa bwana wake. Basi tumejiuliza, ni adui gani atakayethubutu kukaribia mlango unaolindwa na mlinzi kama huyo? Tunakuoza binti yetu, Siti Lubaba, na nusu ya hazina, kwa sharti kwamba wewe na mbwa wako mhamie kasri, mlale mbele ya chumba chetu."

Je, hakuweza kukataa? Aliweza. Alisimama pale akitafuta neno la kukataa, na akawaona mawaziri wote wameinamisha vichwa vyao mbele yake, na Amiri Ghasani ameinama kuliko wote, na neno likapotea. Akasema, "Nimesikia na nimetii."

Harusi ikafanyika. Ngoma zikapigwa na wapigaji waliokuwa wakitazama nyuma, ubani ukafukizwa, mabiriani yakaandaliwa kwa masinia, na mbwa akashiba siku ile na kunawiri kuliko siku zote. Na bwana arusi alipoingia chumbani Siti Lubaba akainuka kwa adabu, akasema, "Karibu, bwana wangu. Wenzangu huozwa waume. Mimi baba ameniozesha kitasa. Lolote utakaloamuru nitalifanya, ila usiniambie nicheke."

Akakaa naye kwa adabu hiyo hiyo. Na alipopata mimba Zamhariri akaacha mlango wa Sultani, akawa anakuja kulala mbele ya chumba cha Siti Lubaba, pua yake chini ya mlango, akivuta pumzi ndefu kama anayenusa chakula jikoni. Shamlani alipomkuta hapo adhuhuri moja, akapiga magoti juu ya marumaru, na kwa mkono wake mwenyewe akaufungua mkufu. Ulifunguka kwa urahisi kama kishikizo cha kanzu.

Jini akajinyoosha, akawa moshi mpaka kiunoni, akasujudu. "Maulana, wewe ni wa kwanza. Sitakusahau. Niombe lolote kabla sijaondoka."

"Unirudishie dada yangu."

"Hilo liko kwa Mola wangu na wako."

"Basi urudishe ile hofu uliyowatia watu."

Zamhariri akamtazama kwa huruma, na hili ndilo lililomwumiza Shamlani zaidi. "Hofu ya kuniogopa mimi, maulana, ninaondoka nayo yote, sikuacha hata tone. Iliyobaki humu mjini si yangu." Na akapotea, na baridi ikapotea naye.

Kesho yake Shamlani akavaa kanzu ya kawaida, akateremka sokoni mikono mitupu. Alikuwa tayari kuchekwa. Alitamani kuchekwa. Alijikwaa kwa makusudi mbele ya wauza viungo, kilemba kikaanguka, na soko lote likatazama chini. Akaketi kwenye baraza ya kahawa, na waliokuwapo wakainuka wote wakasema, "Karibu, bwana mkubwa, tulikuwa tukiondoka," na muuza kahawa akammiminia kikombe mpaka kikafurika.

"Sina mbwa," akasema Shamlani. "Nimemfungua. Amekwenda."

"Naam, bwana mkubwa," akajibu muuza kahawa. "Kama usemavyo, bwana mkubwa."

Alizaliwa mtoto wa kike, mzuri wa sura. Sultani akafa kitandani pake kwa maradhi ya kawaida, bila kuguswa na adui yeyote, maana hapana aliyesadiki kuwa mbwa ameondoka, na Shamlani akarithi mali isiyo kifani. Wakunga walipomtoa mtoto nje siku ya arubaini, baba yake akanyoosha mikono ampokee, akasema, "Hebu nimwone binti yangu." Siti Lubaba hakukataa. Alimweka mikononi mwake kwa heshima yote, na akasimama karibu, mikono yake mwenyewe chini ya ile ya mumewe, tayari kudaka, na hakuiondoa mpaka mtoto aliporudi kwake.

Wakaishi hivyo umri mrefu, katika neema na ukimya. Na mji wa Darakhani ungali na mbwa wake mpaka wasimuliaji waliponipa habari hizi, wanabweka kutoka ukuta hadi ukuta, na wenyewe bado wanasema ni kwa ajili ya wezi, ingawa wezi walikwisha kuhama zamani kwenda kutafuta mji ambao watu wake wangali wanatoka nje. Nami nilichopewa nimekitoa kama nilivyokipokea: anayetaka kuogopwa hupewa, tena upesi, na siku atakapotaka kupendwa atawakuta wote wamekwisha kumpisha njia.